Habithi Akibaki Peke Yake Jukwaani

Kuna neno moja dogo katika tamthilia ya Shakespeare, Othello, ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hotuba zote za mchezo ule. Neno lenyewe ni "na".

Linatokea mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Wazee wa baraza la Venice wameshaondoka. Othello na mkewe Desdemona wameshaondoka. Roderigo, kijana mwenye mali nyingi na akili fupi, ametoka kwenda kuuza mashamba yake ili apate fedha za kumfuatia Desdemona. Amebaki Iago, mshika bendera wa Othello, peke yake. Anaanza kwa kutuambia kwamba hivyo ndivyo anavyowafanya wajinga kuwa mfuko wake wa fedha. Kisha anasema lile tulilokuwa tunalingojea: anamchukia Mmoor yule, yaani Othello, mtu mwenye ngozi nyeusi, na huko nje watu wanasema Othello amepanda kitanda cha Iago na kulala na mkewe, Emilia.

Tazama jinsi sentensi hiyo ilivyoungwa. Hakusema anamchukia kwa sababu ya uvumi. Hakusema "kwa kuwa" wala "maana". Amesema "na". Chuki imetangulia na imesimama yenyewe, uvumi umekuja nyuma, kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba ndipo akaanza kutafuta mawe ya msingi. Na papo hapo anaongeza kwamba hajui kama uvumi huo ni wa kweli, ila kwa shaka tu atatenda kama mtu mwenye hakika.

Katika madarasa ya fasihi tunafundishwa kwamba uzungumzi nafsia ni mbinu ambayo mhusika huzungumza peke yake jukwaani, na kwamba kazi yake ni kufichua mawazo na tabia halisi ya mhusika. Jibu hilo hupata alama kwenye mtihani, na si la uongo. Shida yake ni kwamba linamfanya msomaji aone uzungumzi nafsia kama kabati: ukilifungua tu, utamkuta mtu wa kweli amekaa ndani. Iago anafunguliwa mara nyingi mno. Katika mchezo uliopewa jina la Othello, yeye ndiye mwenye mistari mingi kuliko Othello mwenyewe. Tunasikia kila mtego kabla haujategwa. Hata hivyo pazia likishuka, swali la kwa nini alifanya yale bado liko mikononi mwetu. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa udhaifu wa mwandishi. Mimi naona hapo ndipo mbinu hii inapoonyesha uwezo wake wote, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Anazungumza na nani?

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Hotuba ndefu ya mhusika mmoja ni monolojia hata kama kuna watu kumi wanaomsikiliza jukwaani. Maneno ya pembeni ni sentensi chache ambazo mhusika anazitupa upande huku wenzake wapo na, kwa desturi ya jukwaa, hawamsikii. Uzungumzi nafsia unataka upweke: mhusika awe peke yake, au aamini yuko peke yake.

Jina ambalo lugha nyingi za Ulaya zinalitumia kwa mbinu hii lina asili ya Kilatini, na aliyelitunga alikuwa Mwafrika. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu karibu na mwaka 386 ambamo anajadiliana na akili yake mwenyewe, akakiita Soliloquia, akiunganisha neno la "pekee" na neno la "kusema". Yeye alijisemea ili aufikie ukweli juu ya Mungu na juu ya nafsi yake. Kwamba neno hilo baadaye lingekuwa mali ya wauaji na wanafiki wa jukwaani ni safari ndefu.

Upweke wa Iago, hata hivyo, ni wa namna ya pekee. Jumba la maigizo la Globe la London, lililojengwa mwaka 1599, halikuwa na paa juu ya uwanja wake wa kati. Michezo ilichezwa mchana, kwa mwanga wa jua. Jukwaa lilijitokeza hadi ndani ya uwanja, na watazamaji walisimama wakiwa wamelizunguka pande tatu. Mwigizaji aliyebaki peke yake hakuwa anakodolea giza kama katika kumbi zetu zenye taa za umeme. Aliziona nyuso za watu, na watu walijua wanaonekana. Othello yenyewe, katika onyesho lake la kwanza ambalo kumbukumbu yake imehifadhiwa, ilichezwa ndani, mbele ya mfalme, katika jumba la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604. Lakini waigizaji walikuwa wale wale, na mazoea yao yalikuwa yale yale: mtu akibaki peke yake, anageuka na kuzungumza nasi.

Mazoea hayo yalikuwa na babu. Katika michezo ya maadili ya Uingereza ya zamani, ambamo wahusika walikuwa na majina kama Rehema au Tamaa, alikuwamo mmoja aliyewakilisha Uovu. Huyo ndiye aliyekuwa kipenzi cha watazamaji. Alitania nao, akawanong'oneza mtego atakaoutega, kisha akautega mbele ya macho yao. Shakespeare alimjua vizuri. Katika tamthilia yake nyingine, Richard III, anampa Richard mstari ambamo anajilinganisha waziwazi na mhusika huyo wa kale.

Kwa hiyo Iago anapogeuka kwetu hajiungamii. Anatupa siri, na mtu akishakupa siri amekufunga. Kuanzia hapo sisi tunajua, Othello hajui, na hatuna namna ya kumwambia. Aliyewahi kukaa kwenye mashindano ya maigizo ya shule anaijua hali hii: mtoto mmoja nyuma hawezi kuvumilia, anapiga kelele, "Usimwamini huyo!" Watu wanacheka, lakini mtoto yule amekielewa kinaya cha kidrama kuliko mwenye kukariri maana yake. Neno "mwaminifu", pamoja na jamaa zake, linasikika katika mchezo huu zaidi ya mara 50, na mara nyingi ni Iago anayeitwa hivyo. Kila likitajwa, linatuchoma sisi tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hapa tunamwona mdudu, tunaiona nguo, na mdomo wetu umefungwa.

Mkweli wa mipango, msanii wa sababu

Nikisoma hotuba za Iago za upweke moja baada ya nyingine, naona jambo ambalo jibu la darasani haliligusi. Kuhusu atakachofanya, hatudanganyi hata mara moja. Akisema leso ya Desdemona ataiangusha chumbani kwa Cassio, ofisa wa Othello, inaangushwa. Akisema atamlevya Cassio, Cassio analewa. Lakini kuhusu kwa nini anafanya, kila mara anakuja na jipya.

Akiwa na Roderigo, kabla ya hotuba ya kwanza ya upweke, malalamiko yake ni ya kazini: Cassio amepewa uluteni na yeye ameachwa kuwa mshika bendera. Akibaki peke yake, cheo kinatajwa kwa kupita tu, na mbele kinakaa kile kisa cha kitanda. Kufika kisiwa cha Cyprus, katika hotuba ya pili, anasema kwamba na yeye anampenda Desdemona, kisha anajisahihisha haraka: si kwa tamaa hasa, ni kwa kulishibisha lipizo lake. Halafu anaongeza kwamba anamshuku Cassio pia kwa mkewe. Sasa wanaoshukiwa kwa Emilia wamekuwa wawili, na wote kwa bahati ndio watu wale wale ambao tayari ameamua kuwaangamiza.

Mshairi Mwingereza Coleridge, aliyefariki mwaka 1834, aliandika juu ya hotuba ya kwanza maneno ambayo wahakiki wameyarudia hadi leo: kwamba huu ni uovu usio na sababu unaohangaika kujitafutia sababu. Ni kauli kali na naiheshimu, ingawa nadhani imekwenda mbali kidogo. Sababu zipo. Kunyimwa cheo ulichokitegemea ni jeraha la kweli, na mtu yeyote aliyewahi kupitwa na mdogo wake kazini analijua. Lisilokuwepo ni uwiano. Hakuna mojawapo ya sababu hizo inayotosha kuzaa vifo vinavyofuata, na Iago mwenyewe anaonekana kulijua hilo, ndiyo maana anaziokota nyingi.

Inasaidia kujua Shakespeare alianza na nini. Kisa alikitoa kwenye mkusanyiko wa hadithi za Mwitaliano Cinthio uliochapishwa mwaka 1565. Humo mshika bendera hana jina, na sababu yake ni moja na inaeleweka: amempenda mke wa Mmoor, amekataliwa, na mapenzi yamegeuka kuwa chuki. Shakespeare alikuwa na sababu safi mkononi. Akaivunja. Akaacha kipande chake kidogo, lile "na mimi nampenda pia", katikati ya vipande vingine. Mwandishi anayetupa maelezo yaliyo tayari anafanya hivyo kwa kukusudia, na kusudi lake naliona hivi: alitaka tuisikie akili inayojitengenezea haki ya kufanya kile ambacho imeshaamua kukifanya.

Na tunaisikia ikifanya kazi. Katika hotuba ile ya kwanza kuna mahali ambapo Iago bado hana mpango. Anajiuliza: vipi, vipi? Ngoja nione. Kisha wazo linakuja kidogo kidogo: baada ya muda, amnong'oneze Othello kwamba Cassio amemzoea mno mke wake. Halafu analiita kwa lugha ya uzazi: mimba imetungwa, na jehanamu na usiku ndio watakaomleta kiumbe huyu wa kutisha duniani. Katika hadithi ya kusimuliwa, msimulizi angesema tu kwamba Iago alipanga njama. Jukwaani tumekaa chumba kimoja na njama ilipotungwa. Muda aliotumia Iago kutafuta ndio muda tuliotumia sisi kungoja, na katika kungoja huko, kama tutakuwa wakweli, tulitaka apate wazo. Tulitaka kujua atasema nini. Hapo ndipo Shakespeare anapotushika mkono na kutuingiza.

Lugha nayo inashuhudia. Akimshawishi Roderigo, Iago anatumia nathari ya mitaani, akirudia rudia kwamba kijana atie fedha mfukoni. Roderigo akitoka tu, Iago anaingia katika ushairi wenye mizani. Yule mwanajeshi mwenye maneno ya kambini alikuwa vazi. Chini yake yumo mtu mwenye sikio la mshairi. Mtafsiri yeyote wa Kiswahili atakayeushika mchezo huu lazima alisikie badiliko hilo, maana akiandika yote kwa mtiririko mmoja atakuwa amemvua Iago kitu ambacho mwandishi alimvisha.

Jicho lake

Kama sababu anazotoa si za kutegemewa, basi tabia yake tutaijulia wapi? Mimi huacha kusikiliza anachosema juu ya nafsi yake na kusikiliza anachosema juu ya wengine. Humo anasema kweli tupu.

Akiwa peke yake anakiri kwamba Othello ana moyo wazi, mtu anayewadhania watu kuwa waaminifu ilimradi waonekane hivyo. Katika hotuba ya pili anakwenda mbali zaidi: Mmoor, ingawa hamvumilii, ni mtu thabiti, mwenye upendo na muungwana, na atakuwa mume mpenzi sana kwa Desdemona. Hakuna rafiki wa Othello katika mchezo mzima anayemsifu kwa maneno yenye uzito zaidi ya hayo, kwa kuwa adui hana faida yoyote ya kuyasema akiwa peke yake. Watu wengine wa Venice wanamwita Othello majina ya dharau yanayohusu rangi yake. Iago mwenyewe ndiye aliyewafundisha usiku wa kwanza, akipiga kelele chini ya dirisha la baba yake Desdemona. Kumbe muda wote alijua ni uongo. Bila uzungumzi nafsia tungeweza kudhani kwamba Iago ni mtu aliyepofushwa na ubaguzi. Kwa uzungumzi nafsia tunajua anaona vizuri kuliko wote.

Na anaona wema kama fundi seremala anavyouona mti: anapima utatoa mbao ngapi. Hotuba ninayoiona nzito kuliko zote inakuja baada ya Cassio kuvuliwa cheo. Iago amemshauri akamwombe Desdemona amtetee kwa mumewe. Cassio anaondoka akishukuru. Iago anatugeukia na kuuliza: nani sasa anasema mimi ni habithi, wakati ushauri huu ni wa bure na wa kweli? Anatujibu kama vile mmoja wetu amemshtaki. Jambo la kutisha ni kwamba ana hoja. Ushauri ni mzuri. Rafiki wa kweli angetoa huo huo. Kisha anafunua: mashetani wakitaka kusukuma dhambi nyeusi kuliko zote, huanza kwa sura za mbinguni. Desdemona atakapomwombea Cassio kwa huruma, yeye atakuwa anamimina sumu sikioni mwa Othello, na kadiri mama yule atakavyotenda wema, ndivyo atakavyojichafua. Atageuza wema wake kuwa lami. Kutokana na uzuri wa moyo wake atasuka wavu wa kuwanasa wote.

Hebu fikiria wavu huo umesukwa kwa nyuzi gani. Imani ya Othello, huruma ya Desdemona, adabu ya Cassio, utii wa Emilia anayeokota leso na kumpelekea mumewe kwa sababu aliiomba. Uzi mmoja tu ndio wa Iago: jicho la kuona wengine wana nini. Tabia yake halisi, kwa maoni yangu, iko hapo.

Ndiyo maana nasimama kila mara kwenye maneno machache ya sehemu ya tano. Ni usiku, Roderigo amejificha hatua chache akiwa na upanga, na Iago anapiga hesabu ya haraka nani afe. Roderigo akipona atadai dhahabu na vito alivyotapeliwa. Cassio akipona, basi Othello anaweza kumwambia kila kitu. Ni hesabu za mfanyabiashara. Lakini katikati yake, bila kuulizwa, linamtoka neno juu ya Cassio: kwamba maisha yake yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye, Iago, aonekane mbaya. Kisha anarudi kwenye hesabu. Hakulitangulizia neno hilo wala hakulipamba kama alivyofanya kisa cha kitanda. Limetoka kama kikohozi, na ndiyo sababu naliamini kuliko mengine yote aliyotuambia.

Wengine wawili, kwa kulinganisha

Wahusika waovu wa Shakespeare hawautumii upweke kwa namna moja. Richard III anaufungua mchezo wake akiwa peke yake, akitutangazia kwamba kwa kuwa hawezi kuwa mpenzi, ameazimia kuwa habithi. Kwa muda mrefu ni mwenzetu wa kucheka, hasa baada ya kumposa Anne, mjane ambaye yeye mwenyewe alimuulia mume. Lakini akishapata taji, mazungumzo yake nasi yanakauka. Yanarudi usiku wa kuamkia vita vya Bosworth vya mwaka 1485, baada ya mizuka ya aliowaua kumtembelea usingizini, na sasa hazungumzi nasi tena. Anajiuliza na kujijibu kwa sentensi fupi zilizokatikakatika: anaogopa nini? Nafsi yake? Kuna muuaji hapa? Hapana. Ndiyo, ni mimi. Mdomo ule ule uliotuchekesha umegawanyika kuwa midomo miwili inayogombana.

Claudius, mfalme katika tamthilia ya Hamlet, ni kinyume kabisa cha Iago. Anapiga magoti na kukiri kosa lake, la kumuua ndugu yake, bila kujitafutia kisingizio. Anajua kwa nini aliua: taji, tamaa yake, na malkia. Anajua pia kwamba msamaha hauji kwa mtu anayeendelea kuvishika alivyoviiba. Anajaribu kuomba na anashindwa, maneno yanapaa, mawazo yanabaki chini. Hamlet, mwana wa ndugu aliyeuawa, amesimama nyuma yake na upanga, anamwona amepiga magoti, anadhani sala imepanda, anaahirisha kumuua asije akampeleka mbinguni. Sisi tuliomsikia tunajua hakuna sala iliyopanda. Hamlet aliona mwili tu, na vifo vingi vinavyofuata vinatokana na kukosa kwake kusikia tuliyoyasikia. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuona hali ya jirani katika Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968: Macbeth naye akiwa peke yake anakiri kwamba hana kichocheo chochote cha kumuua mfalme ila tamaa ya makuu, na bado anakwenda kuua.

Claudius na Macbeth wanajua kwa nini, na ujuzi huo hauwaokoi. Iago hajui, au hataki kujua, na badala yake anatupa sababu kama mtu anayewatupia mbwa mifupa ili aweze kupita.

Mwishoni mwa Othello, Desdemona amelala maiti kitandani. Emilia ameuawa na mumewe kwa kusema kweli. Othello, ambaye sasa anajua ametendwa nini lakini hajui kwa nini, anaomba wamuulize yule nusu shetani sababu ya kuunasa mwili na roho yake. Ni swali lile lile ambalo tumekuwa tukilibeba tangu lile "na" la sehemu ya kwanza. Iago anajibu: msiniulize kitu, mnachokijua mnakijua, tangu sasa sitasema neno tena.

Watu wote jukwaani wanamkodolea macho wakingoja. Wanaamini ndani ya kimya kile kuna jibu ambalo mateso yatamlazimisha alitoe, na Lodovico, mjumbe kutoka Venice, anaagiza ateswe. Sisi tulioketi naye peke yetu usiku baada ya usiku, tuliosikia kila alichokuwa nacho cha kusema, tunaikumbuka nyumba ile iliyoezekwa kabla ya msingi, na tunamtazama akichukuliwa.